Meli Haingoji, na Bahari Ina Saa Zake



Tunaandika kutoka Kakamega, ambako mvua ya alasiri huja kwa wakati wake kama mwadhini. Mvua hiyo ndiyo iliyotufungia barazani kwetu, wiki kadhaa zilizopita, pamoja na bibi mmoja jirani yetu aliyekuja na binti yake na mjukuu wake, na mjukuu akiwa na daftari la shule mkononi. Bibi huyu ni mzawa wa Mumias, mtu wa swala na wa maneno machache. Kitinda mimba wake ni mpishi katika meli ya watalii, zile meli kubwa zizungukazo dunia zikiwa na maelfu ya watu ndani yake, na ilikuwa yapata miezi tisa hajamtia machoni. Sasa ilikuja habari kwamba meli ile itafunga gati Kilindini kwa siku moja tu, iingie alfajiri na itoke jioni. Kijana amepewa ruhusa ya kushuka kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ametuma nauli ya watu watatu, yaani mama, dada na mtoto, na ameomba mambo mawili: wamlaki langoni mwa bandari, kisha wende pamoja ufuoni, mama akanyage maji ya bahari ambayo hajapata kuyaona katika umri wake wote.

"Maalim," akatuambia, "wewe ni mtu wa huko. Tupangie siku hiyo, na huyu mtoto aandike."

Wasomaji wetu mlioko Pwani huenda mkacheka. Kwenda ufuoni kuna mipango gani? Mtu hutwaa leso yake akashuka. Lakini mkumbuke kwamba kutoka Kakamega hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800, na mtu wa bara akija kwenu hana siku ya pili ya kurekebisha kosa la siku ya kwanza. Naye abiria wa meli, au mfanyakazi wake, hana hata alasiri ya pili. Wale watalii wanaokwenda Ngome ya Yesu au Shimba Hills kwa mabasi yaliyokodiwa na meli yenyewe wana mdhamini, kwani meli hungoja mabasi yake. Anayetoka kivyake na tuktuk hana wa kumngoja. Saa ya kuondoka ikifika ngazi huinuliwa, naye akabaki gatini na mfuko wake wa plastiki wenye kaptula mbichi.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilomwambia mtoto aandike, tena juu kabisa ya ukurasa, ni saa ya mwisho. Saa tisa alasiri, langoni. Kisha tukaanza kurudi nyuma. Kutoka lango la bandari hadi feri ya Likoni si mbali, tuktuk huenda kwa muda mfupi ikiwa njia ni nyeupe. Kuvuka kwenyewe ni kama dakika kumi, maana mlango ule upana wake ni kiasi cha nusu kilomita tu. Lakini kungoja hakuna kipimo. Ikipita meli kubwa kuingia au kutoka Kilindini, feri husimama zikaipisha, na mtu aliyehesabu dakika kumi akajikuta amekaa nusu saa akitazama makontena. Tukasema basi kwamba kila kuvuka kuhesabiwe saa nzima, na juu ya hapo ibaki saa moja isiyo na kazi, isiguswe hata kwa madafu. Mtoto akauliza saa isiyo na kazi iandikwe vipi. Tukamwambia achore mstari tu.

Funzo hili hatukulipata kitabuni. Miaka kadhaa nyuma tuliwachukua wanafunzi wetu wa Kakamega hadi Pwani, na kwa kuona haya kuwatembeza watoto wa watu kwa miguu tukakodi gari, tukavuka nalo. Kwenda kulikuwa salama. Kurudi, foleni ya magari upande wa Likoni ilianza mbali na bahari, tukakaa ndani ya joto zaidi ya saa mbili, tukiwatazama waenda kwa miguu wakitupita makundi kwa makundi, wakivuka bila kulipa hata senti. Basi letu la kurudi bara likaondoka bila sisi. Kosa lilikuwa letu, na wazazi walitukumbusha kwa adabu kwa muda wa mwaka mzima. Tangu hapo kanuni yetu ni moja: Likoni mtu mwenye haraka huvuka kwa miguu, na usafiri wa ng'ambo huutafuta ng'ambo. Matatu na tuktuk zimejaa pale juu.

Na kuna jambo jingine ambalo mgeni halijui. Umati wa Likoni una mwelekeo wake. Watu wengi hulala ng'ambo na kufanya kazi kisiwani, kwa hiyo asubuhi wimbi la watu huja kisiwani, na jioni hurudi Likoni. Anayetoka kisiwani asubuhi kwenda ufuoni anakwenda kinyume cha umati, naye akirudi mapema mchana hajakutana na ule wa jioni. Hata hivyo simu iwe mfuko wa ndani, mtoto ashikwe kiganja na si kidole, na mtu asikimbie kwenye ule mteremko hata wengine wote wakikimbia.

Ng'ambo, ufuo upi? Hapa binti wa bibi, ambaye ameona picha, alitaka Diani. Mchanga wa Diani hatuukatai. Tena kaskazini yake, pale mto Mwachema unapoingia baharini, uko msikiti wa kale wa Kongo chini ya mibuyu, wa mawe ya matumbawe, ambao hadi leo watu wanaswali ndani yake. Nafsi yetu yenyewe ilitaka bibi aswali rakaa mbili mahali pale. Lakini Diani ni mbali na feri, na barabara ya Ukunda ina mambo yake. Ufuo wa Shelly uko hapo hapo Likoni, mwendo wa tuktuk. Si mzuri kama ule, una mawe na una mwani, na maji yakipwa huoni bahari ila kwa mbali. Tulimwambia binti hivi: aendaye Diani kwa muda wa saa saba atakuwa na picha za Diani, na aendaye Shelly atakuwa na ndugu yake. Hakufurahi, bali aliandika.

Kuhusu maji, hapa ndipo sisi watu wa chuo tuna faida tuliyoisahau. Tarehe zetu ni za mwezi, na bahari nayo hufuata mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa duara tarehe 15, au siku moja mbili baadaye, huwa ni bamvua: maji hujaa sana karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa sana karibu saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hapo Mombasa hupita mita tatu, ndiyo sababu mgeni huja saa nne asubuhi akaona mawe matupu akadhani amedanganywa. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Ukihesabu hivyo hadi tarehe 7 au 8, na tena tarehe 22 au 23, unakuta mambo yamegeuka: ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na kilele chake asubuhi huwa karibu saa nne. Atakaye dakika kamili yako majedwali ya maji, na mabaharia hawayakosi. Lakini bibi wa Mumias mwenye kalenda ya msikiti ukutani anaweza kujua kwa vidole kama bahari itakuwepo nyumbani siku anayokwenda kuizuru.

Tukatazama kalenda. Siku ya meli ilikuwa mwezi 22. Tulishukuru, kwani maji yangekuwa yamejaa na kutulia katika saa zile zile wanazozihitaji, na alasiri yakianza kukimbia wao wangekuwa wamekwisha ondoka.

Mpango ulikuwa umekaa vizuri, na mvua ilikuwa imepungua, tulipomwona bibi ameweka mkono juu ya daftari.

"Hilo neno feri," akasema, "mlifute. Mimi sivuki."

Binti yake akainamisha kichwa, na tukajua kwamba lipo jambo. Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka muda mfupi baada ya kuondoka, ikiwa imebeba watu kupita kiasi chake, na watu 272 wakafa. Mdogo wake bibi, aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi, alikuwa mmoja wao. Sisi siku hizo tulikuwa vijana wa chuo, na tulikuwa katika safu za waliowaswalia wale maiti. Hatukuwa tumewahi kulizungumza jambo hilo Kakamega, na wala hatukujua kwamba ng'ambo ya ukuta wetu wa mchongoma alikuwako mwenye maiti.

Wako wanaodhani kwamba hofu ya namna hii huondolewa kwa mawaidha. Sisi hatukumpa. Mtu aliyezika ndugu anajua habari ya kadari kuliko sisi tuisomayo. Hatukumwambia pia kwamba feri za leo ni mpya zaidi, ingawa ni kweli, wala kwamba maelfu huvuka kila siku wakafika, ingawa nalo ni kweli. Tulimwambia tu kwamba iko njia nyingine. Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu, itokayo upande wa Miritini ikapita Mwache na Mteza juu ya madaraja, ikatokea kusini bila mtu kugusa feri. Ni mzunguko, na itahitaji gari la kukodi, na kwa njia hiyo Shelly huwa nyuma yako na Tiwi ndiyo mbele. Muda wa saa tatu, kwenda na kurudi, ungeliwa na lami na malori ya Changamwe. Lakini katika saa saba bado zingebaki za kutosha. Mtoto akafungua ukurasa wa pili. Wakaondoka na mipango miwili katika daftari moja, ukurasa wa feri na ukurasa wa barabara, na bibi alikunja ncha ya ule wa barabara ili asiukose.

Mambo mengine tuliyapita upesi. Wafike Mombasa siku moja kabla, wasithubutu kushuka basi la usiku asubuhi ile ile. Kutoka Nairobi wachukue treni ya mchana, tikiti ikatwe mapema kwa simu na vitambulisho visisahauliwe, wapate kulala Majengo kwa jamaa zetu. Wasiingie bandarini, hawataruhusiwa, wangoje langoni. Viatu vya mpira kwa ajili ya mawe, na nguo kavu ya pili kwa kila mwanamke, maana mama zetu huingia majini na nguo zao na kurudi nazo mwilini. Wao ni wasafiri, hivyo wanaweza kupunguza swala na kuijumuisha Adhuhuri na Alasiri, wasiwe na wasiwasi barabarani. Dua ya safari mtoto alikwisha ihifadhi.

Walisafiri. Usiku wa kuamkia siku ya meli, baada ya Isha, simu yetu ililia. Alikuwa binti, anapiga kutoka Majengo. Kijana ameleta ujumbe kwamba zamu zimebadilishwa. Ruhusa yake sasa ni saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, basi. Alisikika akilia. Alisema kwamba muda wa saa nne hautoshi kitu, na kwamba afadhali wakae naye mkahawani karibu na lango, wale, waagane.

Tulikuwa hatujajibu tulipoisikia sauti ya bibi nyuma yake, ikimwuliza mjukuu.

"Barabara inakula muda gani?"

Mtoto akamsomea: saa tatu, Kukhu.

"Na feri?"

Hapo pakawa na kimya kirefu kidogo, hata tukadhani laini imekatika. Kisha tukasikia karatasi ikichanwa.

"Basi mwambie Maalim huo wa barabara tumeutoa," akasema.

Habari za siku yenyewe tumezipata baadaye, nyingine kwa binti, nyingine kwa mtoto, na chache mno kwa bibi. Kijana alitoka langoni saa mbili na dakika tano, amekonda, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu anayejua kupiga pasi. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, kisha akamwambia twende, tutaongea njiani. Ferini walivuka kinyume cha umati kama tulivyotaraji. Bibi alisimama karibu na ukingo, mwanawe upande mmoja na binti upande wa pili, tasbihi mkononi na macho sakafuni, kwenye bati lenye mafuta. Walipofika katikati aliinua kichwa akauliza, "Mtongwe ni upande gani?" Kijana akamwonyesha, magharibi, kule ndani zinakofunga meli. Akaelekea huko akainua mikono akaomba. Binti anasema kwamba watu wawili watatu waliokuwa karibu, wasiomjua kabisa, waliinua mikono yao pia wakaitikia amina, kisha feri ikagonga ng'ambo na kila mtu akashika njia yake.

Saa tatu walikuwa Shelly. Maji yalikuwa yakimalizia kujaa, yametulia, mawe yote yamefunikwa, na mwani ni kidogo tu, maana ni kaskazi. Bibi alivua viatu akavipanga pamoja kama mtu anayeingia msikitini. Aliingia hadi magotini. Alionja. Akasema ni chumvi kweli, alidhani watu hutia chumvi katika maneno. Mzaha huu ni wake, hatukuuongeza sisi. Kijana na mtoto waliogelea, au tuseme kijana aliogelea na mtoto akameza maji. Walikula chapati walizotoka nazo na wakanunua dafu moja moja. Muda uliobaki, kwa jinsi tulivyosimuliwa, mama na mwana walikaa mchangani wakizungumza juu ya deni la ng'ombe na juu ya msichana fulani wa Butere, mambo ambayo yangezungumzwa vile vile hapa barazani.

Ilipofika saa tano kasorobo mtoto alifungua daftari akatangaza. Hakuna aliyebisha. Feri iliwangojesha kidogo, na hapo ule mstari tuliouchora ukafanya kazi yake. Saa tano na dakika arubaini walikuwa langoni, na dakika ishirini zile walizitumia wamesimama tu, wameshikana.

Ilikuwa imebaki habari moja ambayo kwa haya ya nafsi yetu hatukuwa tumeiandika katika daftari, tulimpigia binti mchana ule kumwambia. Meli yoyote itokayo Kilindini haina njia nyingine ila ule mlango, na ipitapo hupita mbele ya Mama Ngina, pale watu wa Mombasa hupaita Laitihausi, karibu kiasi cha kuziona nyuso zilizo sitahani. Kwa hiyo anayesindikiza hana haja ya kuagana mara moja. Wende wakaswali, walale kidogo, na jioni wakae pale chini ya mibuyu, wanunue mihogo ya kukaanga, wangoje.

Kijana alipopata ujumbe alijibu kwamba saa hiyo atakuwa zamuni, ni wakati wa chakula cha jioni cha abiria, na jikoni kwao hakuna dirisha. Asiwasumbue, warudi wapumzike. Binti alimsomea mama yake.

"Tutakaa vile vile," bibi alisema.

Wakakaa. Meli ilipita saa kumi na mbili na dakika kumi, mtoto ameandika, taa zake zote zimewaka na abiria wamejaa juu wakipunga mikono kwa mji. Ilikuwa ndefu, ikachukua muda kupita. Bibi alisimama akafungua leso yake akaipunga, akianza na dirisha la kwanza, akaenda nalo na la pili, hakuliacha hata moja, mpaka likaisha la mwisho.